Kupanga shule za umma: matokeo au maendeleo?

Majimbo ya Marekani hupima shule za umma kwa njia mbili kuu. Ya kwanza huhesabu asilimia ya wanafunzi waliofikia kiwango kwenye mtihani wa jimbo. Ni rahisi kuisoma, lakini mara nyingi huonyesha kipato cha wazazi kuliko kazi ya mwalimu. Ya pili humfuatilia mtoto yuleyule mwaka hadi mwaka. Tennessee iliiweka kwenye sheria mwaka 1992. Hii naiamini zaidi, ingawa takwimu za shule ndogo huyumba sana. North Carolina huchanganya zote: matokeo 80%, maendeleo 20%. Mizani hiyo inaniuma. Mwalimu aliyempokea mtoto asiyejua kusoma akamfikisha karibu na kiwango, juhudi yake karibu haionekani.