Mwenge Moshi, mie naipa nyota nne

Watu wa Pemba wananiulizaga, we Muislamu ulifuata nini chuo cha Wakatoliki huko Moshi? Nilifuata ualimu basi. MWECAU unaowaona leo, yaani Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama chuo cha kufundisha walimu tu, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza, ndo maana wazee bado wanakiita MWUCE, kifupi cha jina la zamani Mwenge University College of Education, mpaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili chenye kozi nyengine. Lakini asili haijatoka, ualimu ndo roho yake, unasimamishwa mbele ya wenzio ufundishe huku mkufunzi kakaa nyuma na kalamu yake, wallahi jasho linakutoka na baridi yote ile ya Kilimanjaro. Nikisali zangu chumbani hakuna alonisumbua.

Nyota moja naipunguza kwa ajili ya safari, boti toka Mkoani hadi Unguja, boti tena hadi Dar, halafu basi siku nzima mgongo unalia. Na yule mama mwenye chumba nilichopanga nje ya chuo hadi leo hajanirejeshea dipoziti yangu. Atakaekwenda abebe sweta, asidanganywe.