Boti ya taratibu ya Mekong, Huay Xai mpaka Luang Prabang: tumeipanda mimi na mume wangu, haya ndo maoni yetu

Nianze na hukumu kabisa kwa mwenye haraka: ipandeni. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoikata nitasema imeenda wapi. Naongelea boti ya kawaida ya abiria, ile wanayopanda wananchi wenyewe, inayotoka Huay Xai kaskazini magharibi mwa Laos kushuka na mto Mekong mpaka Luang Prabang, karibu kilomita 300, siku mbili, usiku mnalala Pakbeng. Siongelei zile boti za kitalii zenye meza na vitambaa vyeupe, na siongelei spidiboti, hiyo nitaifikia.

Wengi mnaingilia Thailand, na hapo ndo pa kukumbushana jamani, kadi ya homa ya manjano muwe nayo mkononi, sio kwenye begi lililoingia chini, maana Thailand wanaidai kwa watu wanaotoka nchi zetu na kuna watu wanasahau kabisa wanakuja kuhangaika uwanja wa ndege. Ukishafika Chiang Khong unavuka kwa daraja la nne la Urafiki kati ya Thailand na Laos, lile lililofunguliwa 2013, kwa mguu hawakuruhusu, unapanda basi la mpakani unalipa nauli kidogo, unagonga muhuri upande wa pili basi uko Laos. Badilisheni hela hapo hapo mpate kip za kutosha, na ndogo ndogo ziwepo, kwenye boti hakuna mtu ana chenji ya noti kubwa.

Tiketi nunueni wenyewe gatini Huay Xai. Nasisitiza hili kwasababu upande wa Thailand wakala mmoja, simtaji, alikaa na sisi karibu nusu saa akitutisha kwamba Pakbeng gesti zinajaa zote, msipolipia kwangu mtalala nje na mvua, boti yenyewe mtakosa siti, na bei yake ilikuwa juu mno. Tukamshukuru tukaondoka. Gatini kuna dirisha, nauli imeandikwa, unatoa pasipoti wanaandika jina lako kwenye daftari, kwisha. Alafu kwa wawili mna faida kubwa hapa: mmoja apange foleni ya tiketi, mwingine aende mapema akashike siti za mbele, na mbele ni muhimu kwasababu injini iko nyuma na inanguruma hiyo, watu waliokaa nyuma walikuwa wanaongea kwa ishara siku nzima.

Siti zenyewe ni zile zilizong'olewa kwenye vibasi vya zamani, yaani umekaa kwenye siti ya Hiace juu ya sakafu ya mbao katikati ya Mekong, hazijafungwa na chochote, ukitaka kumpisha mtu unaisogeza. Mimi nilizipenda. Paa ni bati, pembeni kuko wazi na mapazia ya kushusha mvua ikija, nahodha anakaa mbele kabisa na usukani, na familia yake inaishi humo humo nyuma, kuna jiko, kuna kitanda, kuna kamba ya nguo, na mke wake ndo anauza maji, chipsi za paketi na tambi za kikombe anakuwekea maji ya moto.

Sasa kilichonifanya niandike yote haya ni vituo, kwasababu hii boti ni daladala ya vijiji. Kuna vijiji kibao kwenye ule mto ambavyo barabara yao ya uhakika ni maji, kwa hiyo boti haina haja ya gati, inapunguza mwendo, inachomeka pua kwenye mchanga, kijana anarusha ubao, na hapo anashuka mama na gunia la mchele mgongoni, anashuka mzee na mabati mawili mapya, anapanda mtu na jogoo ndani ya kitenga, watoto wanateremka mbio kutoka kwenye nyumba zilizo juu kwenye nguzo, dakika tatu tu boti imeshatoka. Kingo zote mbili ni milima na msitu, maji yakipungua kiangazi yanaacha mafungu makubwa ya mchanga na watu wanalima karanga humo humo kwenye mchanga kabla mto haujarudi, wanawake wameinama na masinia ya mbao wanachekecha dhahabu, nyati wamelala majini, na kwenye miamba kuna fito za mianzi zimechomekwa zinashikilia nyavu. Hakuna anayekueleza chochote, hakuna mwongoza watalii, unaangalia tu, na ukiangalia masaa sita utaanza kuelewa mwenyewe nani anafanya nini na kwanini.

Mama mmoja aliyepanda mchana alikaa karibu yetu, akafungua kile kikapu chao kidogo cha mianzi chenye wali wa kunata, na pilipili ya kusaga kwenye jani la mgomba. Alikuwa ananiangalia nywele nimesuka, nikamwinamishia akashika mabutu yangu moja moja taratibu, akacheka, akatusogezea kikapu. Mume wangu akakata wali, akaufinyanga tonge kwa vidole vitatu, akachovya pilipili, na yule mama alivyoona mkono ule unajua kazi yake akawaita wenzake waje waone. Lugha hatukuwa nayo hata neno, lakini tulikula wote mpaka kikapu kikaisha na alivyoshuka kijijini kwake alisimama pale mchangani anatupungia.

Ile nyota moja sasa. Maboya. Kwenye boti yetu yalikuwepo, ila yamefungwa kamba juu darini kifundo juu ya kifundo, na siku ya pili boti ilijaza watu mpaka wengine wakakaa sakafuni juu ya mabegi. Mume wangu ni mtu wa Ukerewe, na mtu aliyetoka nchi ambako zilizama MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018 huwezi kumwambia boya ni pambo. Tulimwendea yule kijana wa boti tukamwonyesha kwa mikono, akatufungulia mawili bila ubishi, tukakaa nayo miguuni, na kuna wazungu wawili wakafuata. Fanyeni hivyo hivyo, msione haya, na mwenye boti kazi yake kuyashusha kabla abiria hawajaomba, hiyo hata mjadala haina.

Spidiboti ndo msipande kabisa. Ni kimtumbwi chembamba chenye injini kubwa, abiria wamevaa helmeti wamekunja magoti mpaka kifuani, masaa kama sita wanafika, na ule mto kiangazi umejaa miamba iliyochomoza, ajali zenye vifo zimeshatokea. Zilitupita kama risasi na mawimbi yake yakatikisa vimtumbwi vya wavuvi. Kuna na treni ya China na Laos, ilianza Desemba 2021, nzuri, ya haraka, ila haifuati huu mto na sehemu kubwa ya kaskazini inapita kwenye mahandaki, aliyekuja kuona vijijini ataona giza.

Pakbeng ni barabara moja ya mlima juu ya gati. Ile hadithi ya kulala nje sahauni, boti ikitia nanga wenye gesti wamejaa pale na picha za vyumba, tukachagua, tukaomba kuona kwanza, tukapunguziwa. Chumba safi, neti ipo, maji ya moto ya kubahatisha. Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe, ulizeni kila mahali kwasababu nguruwe yuko kwenye vitu vingi, sisi tulishikilia samaki wa kuchoma na wali na mboga na tulishiba vizuri. Asubuhi sokoni nunueni chakula cha njiani mapema, boti ya siku ya pili inaondoka kama saa tatu na safari yake ni ndefu kuliko ya siku ya kwanza.

Kingine, nendeni mapema kama mnafikiria kwenda. Kama kilomita 25 kabla ya Luang Prabang wanajenga bwawa kubwa la umeme linalokata mto wote, na Pakbeng nako kuna lingine limepangwa. Wanasema boti zitapitishwa kwenye lango maalumu, sawa, lakini nyuma ya bwawa maji yanapanda na yale mafungu ya mchanga ya karanga na dhahabu yanafunikwa. Mto Nam Ou hapo jirani umeshajengwa mabwawa saba na boti ya kutoka Luang Prabang kwenda Nong Khiaw imeshakufa, sasa hivi unaenda kwa gari. Mimi lilinigusa sana hili, kwasababu wale watu tuliowaona hawana shamba lingine la kiangazi.

Mwisho wa safari boti haifiki mjini, inaishia gati lililo kama kilomita 10 nje, unapanda bajaji ya kuchangia kwa bei ya kupangwa, msikasirike, wote wanalipa hiyo. Msimu mzuri ni Novemba mpaka Februari, ila asubuhi kuna ukungu na baridi kali majini, bebeni jaketi na soksi kweli kweli. Machi na Aprili wanachoma mashamba, moshi unafunika milima yote huoni kitu. Na pawabenki, na karatasi za chooni, na karanga za kugawia jirani.