Tathmini: Kibali cha hewa cha mitambo ya makaa ya mawe, Afrika Kusini

Alama: 2 kati ya 5

Kibali hiki hutolewa chini ya Sheria ya Ubora wa Hewa Na. 39 ya 2004. Kwenye karatasi kinavutia: kinaweka kikomo cha vumbi, cha oksidi za naitrojeni na cha salfa dayoksaidi, vyote kwa miligramu katika mita ya ujazo.

Ukikishika, anza na kiwango cha oksijeni kilichotumika kupimia. Afrika Kusini hutumia asilimia 10, Ulaya asilimia 6. Moshi uliochanganyika na hewa nyingi husomeka msafi zaidi, hivyo 500 ya Afrika Kusini ni kama 680 ya Ulaya. Kisha tazama wastani. Wa siku nzima huficha saa kadhaa za moshi mzito.

Kinapoharibika zaidi ni kwenye maahirisho. Viwango vilitangazwa 2010. Mitambo ya zamani ilipewa hadi 2015 ifikie salfa 3,500, na hadi 2020 ifikie 500. Mwaka 2020 ulipofika, 500 ikalegezwa kuwa 1,000, na bado mitambo mingi ya Eskom, shirika la umeme la serikali, ikaendelea kuomba kuongezewa muda. Si ajabu kwamba salfa ndiyo inayoahirishwa. Vumbi hunaswa na chujio la mifuko au la umeme, lakini gesi hupenya. Lazima ioshwe kwa tope la mawe ya chokaa, na kiosheo hicho ni ghali na hunywa maji mengi.

Mtambo wa Kusile, mkoani Mpumalanga, ulijengwa nacho. Oktoba 2022 njia ya moshi ya mashine namba 1 iliporomoka ndani ya dohani, na kwa kuwa mashine tatu hutumia dohani moja, zote zikasimama: zaidi ya megawati 2,000, karibu sawa na mahitaji ya Kenya nzima saa za kilele. Mgao wa umeme ulikuwa mkali. Juni 2023 mamlaka zikaruhusu mashine hizo zitumie dohani za muda zisizo na kiosheo, mwisho 31 Machi 2025. Salfa ikatoka bila kuoshwa, kihalali kabisa. Kulikuwa na sharti la kuwapima wakazi afya, lakini kumpima mtu kifua hakupunguzi gesi anayovuta.

Alama mbili nilizotoa ni za tarakimu. Kikomo kinachoandikwa kwa namba hushtakika, na Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kuwa hewa chafu ya Highveld, nyanda zenye mitambo mingi ya makaa, inavunja haki ya kikatiba ya wakazi.

Nguvu kubwa ya kibali iko kabla ya zege kumwagwa. Mradi wa makaa wa Lamu, Kenya, wa megawati 1,050 ulipoteza leseni yake ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira lilipoona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo wananchi wanapoombwa maoni kabla ya kibali kutolewa, andika kwa maandishi mambo mawili: kiosheo kiwepo siku ya kwanza ya kuwasha, na mashine izimwe kiosheo kikifa.