Mlima Meru kwa grupu la kujiunga: uzoefu wangu

Naulizwa sana kama ni busara kulipia safari ya Meru ukiwa peke yako halafu ukaunganishwa na watu usiowajua. Mi nasema ndio, tena kwa moyo mmoja. Ila kagua sana hao wanaokuunganisha, kwa sababu mlima ni uleule kwa kila mtu, kinachotofautisha safari ni watu mnaopanda nao na wale wanaowaongoza. Kampuni niliyopanda nayo siitaji jina, sitaki ionekane natangaza biashara ya mtu, naeleza tu niliyoyaona.

Kwa wasioujua, Meru ni mlima wa pili kwa urefu hapa Tanzania baada ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,500, uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unakata kona Usa River, unapita geti la Ngongongare halafu unaenda kuanzia Momella, pale kama mita 1,500 hivi. Kuna ratiba ya siku tatu na ya siku nne. Chukua ya nne, usidanganywe na unafuu wa bei, ile siku ya ziada ndo inaupa mwili nafasi ya kuzoea hewa.

Getini mizigo inapimwa, wagumu, yaani wapagazi, wanagawana, mnapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hapo baadhi yetu walishtuka kidogo, lakini ukishatembea nusu saa unaelewa, maana nyati wapo kwelikweli, na twiga wanakuangalia tu kama vile umeingia uani kwao. Askari wetu alikuwa mtu mpole sana, anaonyesha mbega juu ya miti, anaeleza alama za kwato njiani, hii ya leo, hii ya jana. Tulipitia njia ndefu ya msituni, ile yenye mti wa mkuyu uliofanya tao katikati ya njia, kila mtu akapiga picha pale.

Sasa watu wenyewe. Tulikuwa na mwalimu wa sekondari kutoka Dodoma, dada mmoja nesi wa Mwanza, kijana wa Kariakoo anayetengeneza simu, na mzee mstaafu wa Moshi ambaye sote tulimwamkia shikamoo kwenye gari na kuanzia hapo akawa Mzee wetu. Siku ya kwanza mazungumzo yalikuwa ya adabu adabu, unatoka wapi, unafanya kazi gani. Kufika Miriakamba, kambi ya kwanza ya kulala, kwenye mita 2,500 na kitu, tukaletewa chai ya tangawizi na bisi za moto, basi tukakaa pale mezani mpaka giza likaingia, na mwalimu akaanza kusimulia kwamba alikuwa anauona huu mlima dirishani kila basi lilipopita Arusha kwenda kwao mume wake, miaka na miaka, mpaka akasema lazima siku moja niende nikaukanyage. Kuanzia usiku ule hakuna aliyekuwa mgeni.

Nitoe na lawama yangu hapa. Slipingi begi niliyokodishiwa zipu ilikuwa imekufa, haifungi kabisa, na nilikuwa nimeahidiwa vifaa vimekaguliwa. Kwenye baridi ile hilo si jambo dogo. Nesi akanipa shuka lake la Kimasai bila hata kuombwa, na mwongozaji mkuu alipogundua asubuhi akanibadilishia na ya kwake. Namshukuru sana, ila haikutakiwa ifike huko. Ukikodi kitu mjini kifungue palepale, vuta zipu, washa taa, ndo uondoke.

Siku ya pili mnapita Mgongo wa Tembo, miti inaanza kupungua, ile iliyobaki imening'inia ndevu za kijani, mnatokea Saddle, kambi ya pili, kwenye mita 3,570. Mchana tukapanda Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, tukashuka tena kulala. Hii ya kupanda juu ukalale chini msiiruke hata mkiwa mmechoka, inasaidia sana kichwa.

Kila jioni mwongozaji alikuwa anapita na kile kidude cha kubana kidole kuangalia oksijeni, anauliza umekula, umekunywa maji, kichwa kinauma wapi, na anaandika kwenye daftari. Kwangu mimi hiki ndo kipimo namba moja cha kampuni nzuri.

Usiku wa kileleni tuliamshwa kwenye saa saba, chai na biskuti, tukaanza kupanda gizani mmoja nyuma ya mwingine. Tulipofika Rhino Point, kituo kimoja njiani kwenda kileleni, kijana wa Kariakoo akawa anatapika na maneno yanakuwa mazito. Mwongozaji akampima, akamwambia taratibu kabisa, "Mdogo wangu, wewe leo unashuka, mlima haupotei." Hakukuwa na mabishano, msaidizi akamshika wakarudi. Ilituuma wote, lakini nilimheshimu sana yule mwongozaji, kwa sababu kuna wanaowasukuma watu juu hivyohivyo ili mteja asilalamike.

Baada ya Rhino Point njia inashuka kwanza halafu inapita kwenye mwamba, inabidi ushike kwa mikono, na gizani huoni zaidi ya pale taa ya kichwa inapomulika. Mwalimu akasimama. Akasema mimi nabaki hapa. Alikuwa anatetemeka mikono, glavu moja ameivua ashike jiwe vizuri. Mzee alikuwa mbele yake, akageuka, akakaa kabisa juu ya jiwe, akamwambia, "Mwanangu, hakuna anayekukimbiza. Weka mguu hapa nilipoweka mimi, halafu tutazungumzia huo mwingine." Mwongozaji akachukua begi la mwalimu akalivaa kifuani. Tukapita pale hatua moja moja, Mzee anasema hapa, anasema na hapa, mpaka mwamba ukaisha. Sikuwahi kuona uvumilivu wa namna ile kwa mtu ambaye wiki moja kabla hakuwa anamjua mwenzake.

Jua lilitukuta karibu na Cobra Point, kituo kingine juu zaidi, Kilimanjaro upande wa mashariki imesimama juu ya mawingu, na chini yetu kreta na kile kilima cha majivu katikati. Kutoka pale kileleni bado ni kazi, kokoto zinateleza, unaona bendera kama iko karibu na haifiki. Mwalimu alifika kabla yangu. Alilia na nesi akalia naye.

Kurudi Saddle tukamkuta kijana yuko nje anatusubiri, amepata nafuu, ametuchotea maji ya moto, akapiga magoti akaanza kumfungua mwalimu kamba za buti huku anauliza mlionaje, nielezeni vyote. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Siku hiyohiyo mnashuka mpaka Miriakamba, magoti yanaumia kweli, fimbo mbili ni lazima.

Kuhusu wagumu, jamani. Hawa watu wanabeba chakula chenu, mitungi ya gesi, mabegi yenu, wanafika kabla yenu na wanawapokea kwa tabasamu. Kabla hujalipa uliza kampuni kila mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku na wanakula mara ngapi, na kama wanakwepa swali tafuta wengine. Sisi tipu tulikusanya pamoja tukaikabidhi mbele ya wote, kila mtu akajua fungu lake, hakuna manung'uniko.

Raia wa Afrika Mashariki ada za hifadhi tunalipa kwa shilingi na ni nafuu sana ukilinganisha na wageni, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA au pasi usikisahau. Epuka Machi mpaka Mei, masika njia ni tope tupu.

Nyota nawapa nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya ile zipu. Kijana anarudi tena kiangazi kijacho kukimalizia kilele chake na sote tumeshalipa kianzio tupande naye, Mzee ndo alikuwa wa kwanza kutuma hela.