Fremu A ya kupimia makingamaji: nimeitumia msimu mzima, maoni yangu haya hapa

Nimesubiri mvua ziishe ndo naandika, maana kifaa cha shamba huwezi kukisifia siku umekinunua. Kwa asiyeijua, ni miti miwili ya kama mita mbili imeungana juu, katikati ubao wa kulala, imekaa kama herufi A, alafu kileleni inaning'inia kamba yenye timazi, yaani kizito cha kuivuta kamba inyooke chini. Kazi yake ni moja tu, kukuonyesha sehemu mbili zilizo usawa mmoja ili uchimbe mtaro unaokatiza mteremko na sio kuufuata, na mtaro huo na tuta lake ndo makingamaji yenyewe.

Kilichonifanya niitafute ni shamba lilikuwa linatufia mkononi. Mvua inapiga nusu saa tu, maji yanashuka mbio yakiwa mekundu, yameondoka na udongo wote wa juu, keshokutwa ardhi ina ukoko mgumu mbegu haitoboi. Watu wengi wanadhani jangwa ni mchanga unaotembea kutoka Sahara kuja kutufunika, hapana jamani, jangwa linaanzia hapo hapo ulipo, miti imeisha kwa mkaa, mifugo imekula nyasi mpaka shina, mnalima kushuka na mteremko, udongo unabaki uchi na mvua hata ikinyesha haiingii ndani. Sisi tulipanda miche mara mbili ikafa yote tukasingizia jua, kumbe maji yalikuja yakapita.

Sasa fremu yenyewe. Kwenye ule ubao wa kulala kuna alama, kamba ikipita hapo maana yake miguu yote iko usawa mmoja. Usiamini alama iliyochorwa na muuzaji! Yangu ilikosewa kama upana wa vidole viwili, mi sikujua, nikachimba mtaro wa mita thelathini kwa nguvu zangu zote, mvua ya kwanza maji yakakimbilia upande mmoja yakapasua tuta yakaanzisha korongo jipya. Iliniuma sana. Nilipomwambia aliyeniuzia akasema nimeishika vibaya. Kwa hiyo pima mwenyewe: simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapopita kwenye ubao, geuza fremu miguu ibadilishane vigingi, weka alama tena, katikati ya hizo mbili ndo usawa wenyewe.

Baada ya kurekebisha hapo nikaielewa. Nilipima upya, nikachimba fanya juu, yaani udongo wa mtaro unarushwa upande wa juu, na kwenye tuta nikapanda nyasi za vetiva zenye mizizi mirefu ili mizizi ilishike. Mvua iliyofuata maji yalisimama mtaroni yametulia kabisa, asubuhi nakuta ardhi imeyanywa yote. Na kitu ambacho sikutegemea, visiki tulivyodhani vimekufa zamani vikachipua pembeni ya mitaro, tukachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka tukapogoa mengine na tukazuia mbuzi. Wakulima wa Niger tangu miaka ya 1980 wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5 kwa njia hiyo hiyo ya kutunza visiki, bila kununua miche.

Mapungufu yapo. Timazi ilikuja nyepesi mno, upepo kidogo tu inacheza na unapoteza muda kusubiri itulie. Na kama ardhi yako ni karibu tambarare hii fremu haifai sana, kosa dogo kila hatua linajumlishwa mpaka mstari unahama, huko tumia mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji na kufungwa kwenye fimbo mbili, ndo waliotumia wakulima wa Yatenga kule Burkina Faso miaka ya 1980 kupanga mistari ya mawe ya kupunguza mbio za maji, na mashamba yaliyokuwa ukoko mtupu yakarudi kulimwa.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ile alama ya uongo. Timazi nimeshaitoa nikafunga jiwe la ukubwa wa ngumi, sasa hivi haitikisiki, na wiki hii majirani wawili wameiazima.