SSD ya laptopu Mbeya: uliza fimweya kabla ya bei

Mdogo wangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, alinipigia akiwa soko la Mwanjelwa, sauti juu: "Kaka, nimepata SSD ya tera moja kwa bei ya ile ya 256!" SSD ndiyo ile diski inayohifadhi data kwenye chipu, ndani haina kinachozunguka. Nikamwambia asilipe, anisubiri nishuke. Nilipofika alikuwa ameshalipa.

Kiboksi kilipendeza, kina picha ya moto na mshale. Jina la kampuni hatukulikuta popote. Tukaichomeka, tukaipa kazi ya H2testw, programu ya bure inayoandika mpaka diski ijae halafu inasoma kile ilichoandika. Kompyuta ilisema tera moja. Vilivyosomeka vikiwa salama vilikuwa GB 60 na ushee, vingine vyote hewa.

Ndiyo maana orodha hii ya SSD za kununua sikuipanga kwa kasi inayoandikwa kwenye boksi. Nimeuliza swali moja: siku programu ya ndani ya diski ikigundulika ina kasoro, dawa utaipata wapi? SSD ina kidhibiti, na kidhibiti kinaendeshwa na programu dhibiti, ile mafundi wanayoiita fimweya. Ndiyo inayoamua data ikae chipu ipi na chipu ipi ipumzishwe. Ikikosewa, diski nzima inakosea. Crucial m4 ilikuwa na kasoro iliyoamka diski ikitimiza saa 5,184 za kuwashwa: kompyuta inaganda, ukiwasha tena inaganda baada ya kama saa moja. Kwa mtu anayewasha saa 8 kwa siku, hizo ni siku 648 tu. Mwanzoni mwa 2012 Crucial walitoa fimweya mpya na ugonjwa ukaisha. Samsung nao, 980 PRO ya 2TB yenye fimweya 3B2QGXA7 iliweza kujifunga, ikasomeka tu bila kuandikika, wakatoa 5B2QGXA7. Ila ile iliyokwisha kujifunga haikuokolewa na toleo jipya. Kwa hiyo unakagua mapema, diski ikiwa nzima.

Nafasi ya kwanza: SATA ya inchi 2.5 ya kampuni inayotoa programu ya kusasisha

Laptopu nyingi madukani kwetu ni mtumba: EliteBook, Latitude, ThinkPad, na nyingi zina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Hapo naweka Samsung 870 EVO au Crucial MX500. SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, haivuki sana MB 550 kwa sekunde, lakini ukitoka kwenye hadi diski ("hard disk", ile ya kuzunguka) inayosoma MB 100 hivi, utadhani umebadilishiwa mashine. Samsung wana programu ya Magician, Crucial wana Storage Executive. Unafungua, inakuambia kama kuna fimweya mpya. Kiasi cha data ambacho diski imepewa kuandikwa maishani mwake kinatofautiana sana: 870 EVO ya 500GB imepewa TB 300, MX500 ya ukubwa huohuo TB 180. Kwa mtu wa ofisi zote mbili zinatosha miaka mingi.

Ya pili: NVMe ya daraja la kati

NVMe ni SSD ya kasi zaidi, yenye umbo la kadi nyembamba inayoingia kwenye tundu liitwalo M.2. Hii ingekuwa ya kwanza kama kila mtu angekuwa na nafasi yake. Tatizo ni kwamba zipo kadi za M.2 za SATA pia, na hizo na za NVMe zinafanana kama pacha. Angalia meno: yenye mikato miwili kwa kawaida ni SATA, yenye mkato mmoja kwa kawaida ni NVMe. Halafu urefu. 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80, na zipo laptopu zinazopokea 2242 tu. Usitaje modeli kwa mdomo dukani. Beba mashine, ifunguliwe mbele yako.

Na usilipie kasi usiyoweza kuitumia. NVMe hupitisha data kwa njia iitwayo PCIe, na namba ni kizazi chake: diski ya PCIe 4 kwenye laptopu ya PCIe 3 itafanya kazi, lakini itaishia MB 3,500 hivi. Samsung 970 EVO Plus au WD Blue SN580 inatosha. Baridi ya Makete au Njombe isikutishe, SSD za kawaida hutengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 0 hadi 70. Mtu wa Kyela ndiye anayepaswa kuhakikisha feni yake haijajaa vumbi, maana NVMe ikichemka hujipunguza kasi yenyewe.

Ya tatu: nafuu yenye jina

Kingston A400, WD Green na ndugu zao. Kwa mwanafunzi au mhasibu wa duka, chukua bila wasiwasi. A400 ya 240GB imepewa TB 80 za kuandikwa. Hazina DRAM, kumbukumbu ya haraka ya kumsaidia kidhibiti, kwa hiyo kazi nzito mfululizo zitazichosha.

Mpiga video wa harusi asiguse kundi hili, na azisome vizuri herufi za mwisho za jina la diski. Samsung 870 QVO ya 1TB huandika kwa kasi kamili GB 42 za kwanza, kisha inashuka hadi MB 80 kwa sekunde. Hiyo ni polepole kuliko hadi diski! EVO na QVO zimetofautiana herufi moja tu, na wauzaji wengine hawazitofautishi kabisa.

Ya nne: iliyochomolewa kwenye laptopu nyingine

Hapa bei ni nzuri na mitego ni mingi. Juzi nilipewa moja "mpya kabisa, mwaisa, haijawahi kuguswa." Nikaomba tuichomeke, nikafungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, kwenye flashi yangu. Juu kabisa kuna fimweya na namba ya diski. Kulia kuna saa za kuwashwa. Zilisoma 11,204. Muuzaji akacheka, akasema labda ni za kiwandani. Nikamwambia kiwanda hicho kina zamu ndefu. Akapunguza bei, nikainunua, maana afya ilisoma asilimia 91.

Kinacholishusha kundi hili kwenye orodha ni fimweya. Hizi hutengenezwa kwa ajili ya HP, Dell au Lenovo, na hata ikiwa na jina la Samsung mgongoni, Magician haitaisasisha. Toleo jipya linatafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu ile, kama lipo.

Ya mwisho ni ile ya kwenye boksi la moto na mshale. Haina tovuti, haina fimweya mpya, na mara nyingine haina hata GB.

Ukishanunua yoyote, sasisha wiki ya kwanza, kabla hujajaza vitu. Nakili kwanza mafaili nje. Kama Windows yako imefungwa na BitLocker, kufuli lake la kusimba data, isimamishe na uhifadhi ufunguo wake. Diski iwe ndani ya laptopu. Ikiwa kwenye kasha la nje la USB, programu nyingi za kusasisha hazitaiona. Halafu betri. Mitumba mingi tunayonunua betri zimekufa, zinaishi kwa chaja tu, na masika huku umeme hukatika hata mvua ikiwa bado iko mlimani. Fimweya ikikatwa katikati, diski inaweza isiwake tena. Betri mbovu? Azima ya mwenzio inayoingia, au subiri mpaka upate.

Kasi kushuka baada ya miezi mara nyingi si ugonjwa, ni kujaa. Acha angalau asilimia 15 wazi. Fungua dirisha la amri, andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, TRIM imewashwa na Windows inaiambia diski data ipi imefutwa. Fundi akikushauri uifanyie difragi ya zamani, kule kupanga upya vipande vya mafaili, kwa programu ya pembeni, mkatalie kwa upole. Hiyo ilikuwa dawa ya diski zinazozunguka, kwenye SSD inakula umri bure.

Mdogo wangu tulirudi naye dukani na picha ya matokeo ya H2testw. Muuzaji aliitazama muda mrefu, akaingia nyuma, akarudi na A400 ya 240GB na chenji kidogo. Tuliifungua palepale kaunta: saa za kuwashwa 0.