Baiskeli ya kukodi kando ya Ruaha Mdogo, Iringa, siku ya mvua: uzoefu wangu

Ukikodi baiskeli Iringa kati ya Desemba na Aprili, cha kwanza kuuliza ni breki. Mji umekaa juu mlimani na Mto Ruaha Mdogo uko chini bondeni, kwa hiyo anayetaka kuufuata mto lazima kwanza ateremke. Mteremko ukiwa mkavu ni raha tupu. Ukilowa, na breki ziwe mbovu, unaweza kuvunjika mguu.

Nilichukua safari ya siku moja kwa vijana wa hapa mjini wanaokodisha baiskeli na kuongoza wageni hadi Kalenga, kama kilomita 15. Siwataji jina kwa sababu nina malalamiko mawili nao na nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso. Nililipa shilingi 45,000, ndani yake kuna baiskeli, kofia ngumu, koti la mvua na kijana wa kuongoza njia. Chakula ni juu yako, na kiingilio cha makumbusho pia.

Baiskeli ilinifurahisha sana. Ni ya gia, tairi pana zenye meno, breki za diski mbele na nyuma. Wako wanaodhani diski ni urembo, lakini kwenye mvua tofauti inaonekana mapema. Breki za kawaida hubana ringi. Ringi ikilowa, mpira unateleza juu ya maji, na gurudumu linazunguka mara kadhaa kabla maji hayajafutika na breki kushika. Kwenye mteremko muda huo huna. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na tope, inashika karibu palepale unapobana. Mvua ilitukuta bado tunashuka, ile mvua nene inayokuja na baridi yake, na kila nilipotaka kusimama nilisimama. Kabla hatujaondoka kijana alikuwa amepunguza upepo kidogo kwenye tairi zote mbili. "Dada, tairi ikijaa sana inateleza kwenye tope," aliniambia. Niliona ukweli wake tulipoiacha barabara na kuingia njia za mashambani.

Huko ndiko lilikoanza lalamiko la kwanza: madigadi, yaani zile kinga za tope juu ya magurudumu. Zimekaa karibu mno na tairi. Udongo wa kando ya mto unanata, unajikusanya pale juu kidogo kidogo, mwisho gurudumu linagoma kuzunguka kabisa. Kijana alikata kipande cha mwanzi, akakichonga bapa kwa kisu, akawa anakwangua tope kila tuliposimama. Mianzi huko haikosekani, na mvua ndiyo msimu wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, kwa hiyo njiani uliona mbeta, vyombo vya mwanzi, zimening'inizwa kwenye machipukizi zikikinga utomvu. Kazi yake aliifanya kwa moyo, lakini mteja hapaswi kusimama hivyo kila baada ya mwendo mfupi. Wafungue hizo madigadi wakati wa masika, au waweke zenye nafasi. Heri mgongo uchafuke kuliko gurudumu kukwama.

Lalamiko la pili ni koti. Ni la nailoni nyepesi lisilopitisha hewa hata chembe. Mvua haiingii, ila jasho halitoki, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa unakanyaga pedali huoni shida. Ukisimama tu, lile jasho linageuka baridi mpaka kwenye mifupa.

Kilichonifanya niwaamini hawa vijana ni jinsi wanavyoujua mto. Kuna mahali njia inashuka mpaka karibu usawa wa maji, mahindi upande mmoja, mto upande mwingine. Mimi niliona panapitika. Kijana alichomeka kijiti ukingoni, akakikata alama kwa kisu palipoishia maji, akasimama kimya anakitazama. Mvua yetu ilikuwa imepungua wakati huo, imebaki manyunyu. Haikupita muda, alama ikamezwa. Ruaha Mdogo unatoka Mufindi, na mvua iliyonyesha Mufindi itakufikia hata kama kwako kumeanua. "Hapa tusipite, dada. Tuzunguke." Tukazunguka kwa juu, tukisukuma baiskeli katikati ya mashamba ya nyanya, tukakuta bibi mmoja amejikinga kwenye kibanda chake. "Kamwene," kijana akamsalimu, na bibi akatusogezea gogo tukae, kisha viazi vya kuchemsha, vya moto. Alipoulizwa bei alikataa kabisa.

Kalenga tuliwasili tumelowa chapachapa. Usiipite makumbusho yake kwa kuona aibu ya tope, walitupokea vizuri. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ambayo Wajerumani waliivunja mwaka 1894. Mwenyewe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa humo. Nilikuwa nimeshaisoma habari hii shuleni. Kuifikia kwa njia ya mtoni, miguu imechoka, kulinifanya nimfikirie mtu aliyeishi mafichoni miaka yote ile katika nchi hii ya mabonde, akinyeshewa na mvua kama hii. Nilikaa mbele ya fuvu lile muda mrefu kuliko nilivyopanga, na kijana hakunikimbiza.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja wataipata wakirekebisha madigadi na makoti. Ukienda msimu huu beba koti lako mwenyewe, na soksi za kubadilisha kwenye mfuko usioingiza maji. Kurudi mjini ni kupanda mlima, na tope linakuwa limeshamaliza oili yote kwenye cheni, kwa hiyo gia zinaruka. Wana gari la kubebea watu na baiskeli kwa shilingi 10,000 zaidi, ila uwaambie asubuhi kabla hamjaondoka, maana ukishafika Kalenga mtandao wa simu unaweza kukusumbua.